Pua inagoma Druids, mkia unachomoka Clearways: kasoro iko kwenye gari au kwenye miguu?

*“Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kent, Uingereza, na nina Subaru Impreza WRX ya 2006 ambayo nimeitunza vizuri. Mwaka huu nimekwenda mara tatu kwenye uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch, katika zile siku ambazo mtu yeyote analipia kuingia uwanjani na gari lake mwenyewe. Nina matatizo matatu. Kwanza, kwenye kona ya Druids gari linakataa kukata, na nikizidisha usukani ndiyo kwanza linazidi kwenda nje. Pili, gari limezunguka kama pia mara mbili kwenye kona ya Clearways, pale nilipoona naelekea kwenye nyasi nikaachia mafuta. Tatu, baada ya mizunguko sita au saba pedali ya breki inakuwa laini na kuzama. Rafiki zangu wananiambia nijaze upepo hadi PSI 38 ili matairi yasilale kwenye kona, ninunue shokapu za kuteremsha gari, niweke stebilaiza (chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona) nene nyuma, na niongeze bawa. Nina pauni 2,000 za kutumia. Nianzie wapi? Nashangaa, maana gari hili linaendeshwa na magurudumu yote manne, na nilidhani lingeshika barabara kuliko magari mengine.”*

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, na maelezo mazuri ni nusu ya matengenezo. Umeorodhesha matatizo matatu, lakini mimi naona vyanzo viwili tu. Pua inayogoma Druids na mkia unaochomoka Clearways ni watoto wa mama mmoja, nao ni uzito wa gari unaohamishwa mahali pasipofaa kwa wakati usiofaa. Pedali inayozama ni suala la joto, na hilo lina dawa ya bei ndogo. Kati ya vitu vyote ulivyoshauriwa kununua, hakuna hata kimoja ambacho ningekiweka kwenye gari lako mwezi huu, na kimojawapo naamini kingekuongezea hatari. Naomba uvumilivu wako nieleze kwa nini, kwa sababu ukishaelewa jinsi tairi linavyofanya kazi utaweza kupima mwenyewe kila ushauri utakaopewa pale kwenye maegesho.

Gari lako linagusa lami kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo vyote vinapita hapo, na hakuna kifaa kinachoweza kukupa zaidi ya kile ambacho vipande hivyo vinaweza kubeba. Mshiko wa tairi ni kama shuka fupi: ukilivuta kufunika miguu, kifua kinabaki wazi. Tairi linalotumia nguvu zake zote kusimamisha gari halina kilichobaki cha kukata kona, na tairi linalokata kona hadi mwisho wa uwezo wake haliwezi kupokea breki wala mafuta bila kuteleza. Dereva mzuri hugawa mshiko huo kidogo kidogo, akipunguza breki kadiri anavyoongeza usukani, na baadaye akiongeza mafuta kadiri anavyonyoosha usukani.

Jambo la pili ni kwamba mshiko huo haukai mahali pamoja, kwa sababu hufuata uzito. Tuchukue kwamba gari lako pamoja na wewe ndani lina kilo 1,500, kitovu chake cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, na ekseli zake zimeachana mita 2.5 hivi. Ukifunga breki kwa nguvu inayokaribia asilimia 90 ya mvutano wa dunia, ambayo matairi mazuri ya barabarani huweza, takriban kilo 270 huhama kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Injini ya Subaru imelala mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito hata gari likiwa limesimama. Wakati wa breki matairi ya mbele yanakandamizwa na kushika zaidi, huku ya nyuma yakibaki mepesi. Ukiachia breki na kukanyaga mafuta, kinyume chake kinatokea: pua inainuka na matairi ya mbele yanapoteza ule mzigo uliokuwa unayasaidia kung’ata lami. Mguu wako wa kulia, kwa hiyo, ni usukani wa pili, na kwa gari kama lako wakati mwingine una kauli kubwa kuliko ule ulioushika kwa mikono.

Sasa twende Druids. Unatoka Paddock Hill Bend, unashuka bondeni, kisha unapanda kilima kuelekea kona kali ya kulia inayokugeuza karibu kabisa ulikotoka. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona mambo mawili yanayotokea kwa wageni wengi wa uwanja ule. Unachelewa kufunga breki kwa sababu kilima kinakusaidia kupunguza mwendo na kinakudanganya kwamba muda bado upo, kisha unaachia breki yote kwa mkupuo ndipo unakata usukani. Hapo ndipo pua inapoinuka, katika sekunde ileile unayoihitaji iwe chini. Matairi ya mbele yanaombwa kukata kona wakati yamenyang’anywa uzito, na gari linakwenda moja kwa moja. Wewe, kwa hofu ya haki kabisa, unazidisha usukani. Lakini tairi hushika vizuri zaidi likiwa na pembe ndogo kati ya linakoelekea na linakokwenda kweli. Ukishapita pembe hiyo, kila digrii unayoongeza inapunguza mshiko, nayo tairi linageuka kuwa kifutio cha kusugulia lami.

Dawa yake inakwenda kinyume na silika, na kwa hiyo inahitaji mazoezi. Gari likigoma, rudisha usukani kidogo, mafuta yapunguze taratibu, na subiri. Nusu sekunde ya subira inatosha matairi kushika tena na pua kuanza kuja. Ila hiyo ni tiba ya dharura. Kinga ni kufunga breki mapema zaidi, kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, kisha kuachia pedali polepole huku unaanza kukata, kana kwamba kuna uzi mmoja unaounganisha kidole gumba cha mguu na mkono wako. Kiasi kidogo cha breki kinachobaki mwanzoni mwa kona ndicho kinachoishikilia pua chini. Halafu chelewa kugusa ukingo wa ndani. Madereva wengi wapya huukimbilia mapema kwa sababu unaonekana karibu na unaleta faraja, lakini anayeugusa mapema hutoka kwenye kona akiwa amekosa lami upande wa pili. Pale Druids nataka ukingo wa ndani uuguse ukiwa umeshapita katikati ya kona, mahali ambapo tayari unaona njia ya kushuka kwenda Graham Hill Bend. Utahisi unakwenda taratibu mno wakati wa kuingia. Hiyo hisia ndiyo dalili kwamba umeanza kupatia.

Na hili la magurudumu manne, ambalo naona limekukatisha tamaa: mfumo huo hugawa nguvu za injini kwa matairi yote, kwa hiyo hukusaidia sana unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, hasa mvua ikinyesha. Haukuongezei mshiko wa kukata kona wala wa kufunga breki, kwa sababu matairi ni yaleyale manne na uzito ni uleule, tena umeongezeka kwa shafti na difu ya ziada. Mtu mwenye Mazda MX-5 iliyo nyepesi atakupita kwenye kona bila kuwa na kipaji kukuzidi, na wewe utamwacha kwenye mnyoofu. Usipambane na asili ya gari lako. Uzuri wake uko kwenye kutoka kwa kona, na ndiyo maana kuingia taratibu kunakulipa wewe kuliko kunavyomlipa yeye.

Clearways sasa, ambako naomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine kote, kwa sababu kupoteza mkia kwa mwendo ule si jambo dogo. Clearways ni kona ndefu ya kulia inayokuingiza kwenye Clark Curve na hatimaye mnyoofu wa Brabham Straight. Urefu wake unamshawishi dereva kukanyaga mafuta kabla gari halijageuka vya kutosha. Gari linaanza kutanuka kuelekea nje, nyasi zinasogea, na mguu unaruka kutoka kwenye pedali wenyewe. Katika kitendo hicho kimoja umefanya mambo mawili: injini imeanza kuvuta gari nyuma kama breki, na uzito wote uliokuwa umekaa nyuma umekimbilia mbele. Matairi ya mbele, ambayo bado umeyakata kwa pembe kubwa, ghafla yanapata mshiko na kuvuta pua ndani, wakati ya nyuma yamebaki mepesi. Mkia hauna budi kutoka. Gari halikukusaliti, maana lilitii amri uliyolipa kwa mguu, kwa uaminifu kamili.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba ndani ya kona ndefu mguu hauruhusiwi kuruka. Ukiona unatanuka, punguza mafuta kwa kiasi cha unene wa soli ya kiatu, nyoosha usukani kadiri nafasi inavyoruhusu, na uangalie kule unakotaka kwenda badala ya kuangalia nyasi, kwa sababu mikono hufuata macho bila kuuliza. Ikiwa lami imekwisha kabisa, ni salama zaidi kutoka nje gari likiwa limenyooka, usukani umetulia, na kupunguza mwendo polepole ukiwa kwenye nyasi, kuliko kulivuta kwa nguvu kurudi. Magari mengi huumia wakati wa kurudi, pale matairi yaliyokatwa yanaposhika lami ghafla na kulirusha gari upande wa pili mbele ya wenzako. Na mkia ukishapita mahali pa kuurudisha, kanyaga breki na klachi kwa pamoja na ushikilie hadi gari lisimame kabisa. Anayeachia breki katikati ya mzunguko hulifanya gari litembee lenyewe kuvuka njia, na wanaokuja nyuma hawawezi kubashiri litakwenda wapi.

Nina dhana kuhusu mahali tulikoipata tabia hii ya kuachia ghafla. Wengi wetu tulianza kupenda magari tukiwa kando ya barabara ya vumbi, tukisubiri magari ya Safari, mashindano ambayo Afrika Mashariki imeyajua tangu 1953. Tuliona madereva wakiachia mafuta kwa makusudi ili mkia uzunguke, kisha wakikanyaga na kuondoka huku gari likiwa limelala ubavu, nasi tukaamini kwamba hivyo ndivyo kona inavyokatwa na mwanamume. Kwenye changarawe ilikuwa sahihi, kwa sababu tairi linaloteleza husukuma na kurundika mchanga pembeni yake, na rundo hilo lenyewe hulizuia. Lami kavu haina rundo. Tairi likishateleza sana juu ya lami linapoteza mshiko, linapata joto na linalika. Ninawaheshimu sana wale madereva, lakini mbinu zao zina udongo wake, na Brands Hatch si udongo huo.

Tuje kwenye breki. Umesema pedali inakuwa laini na kuzama, na hilo neno “kuzama” limenisaidia. Kama pedali ingebaki ngumu lakini gari lisisimame vizuri, ningesema pedi zimezidiwa na joto. Pedali inapozama, mafuta ya breki yamechemka. Ukipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, gari la kilo 1,500 hutoa nishati ya zaidi ya megajuli 1.1, ambayo ingetosha kufikisha lita tatu za maji ya bomba kwenye mchemko, na wewe unaimwaga kwenye diski kwa sekunde chache tu, kisha unarudia mzunguko baada ya mzunguko kwenye uwanja ambao katika umbo lake fupi la Indy hauna hata kilomita mbili. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu, na yakishanyonya unyevu wa kutosha kuhesabiwa kuwa yamelowa, mpaka wake wa chini kabisa huwa nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Kimiminika hakibonyei, ila mvuke hubonyea, na mguu wako unabonyeza mapovu badala ya pistoni.

Usinunue kalipa kubwa, yaani vile vibanio vinavyobana pedi kwenye diski, kwa sababu hii. Toa mafuta yote ya zamani na uweke DOT 4 ya kiwango cha mbio, ambazo nyingine huchemka zaidi ya nyuzi 300 zikiwa mpya, au DOT 5.1, kisha uyabadilishe kila mwaka au baada ya kila tukio la kuzama. Usichanganye na DOT 5, ambayo licha ya jina lake kufanana ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine. Baada ya hapo weka pedi zilizotengenezwa kuvumilia joto la uwanjani na bado zikafanya kazi zikiwa baridi, maana utaendesha gari hilohilo kurudi nyumbani. Halafu badilisha namna unavyotumia breki. Kufunga kwa nguvu kwa muda mfupi kunapasha joto kidogo kuliko kuburuza mguu juu ya pedali kuanzia mbali, na mizunguko minne au mitano ya kasi ikifuatiwa na mmoja wa kupoza ni ratiba ya kutosha kwa gari la barabarani. Ukirudi kwenye maegesho usivute hendibreki, kwa sababu ikibana diski za nyuma zikiwa bado moto inaweza kuziharibu. Liache kwenye gia.

Ushauri wa PSI 38 umetoka kwenye wasiwasi wa kweli kwamba tairi lenye upepo mdogo hulalia ubavu wake. Wasichokumbuka rafiki zako ni kwamba hewa hupanuka. Tairi lililojazwa PSI 32 asubuhi ya nyuzi 15, hewa ndani yake ikifika nyuzi 65, geji itasoma karibu PSI 40. Ukianza na 38 utafika 47, na hapo tairi limevimba katikati kama mkate, linagusa lami kwa utepe mwembamba, na linateleza mapema. Sitashangaa kama sehemu ya ugomvi wako wa Druids inatoka hapa. Kinachohesabika ni upepo wa tairi la moto. Anza na PSI 30 asubuhi, chora alama za chaki kwenye bega la kila tairi zikishuka hadi ubavuni, zunguka mizunguko michache, kisha rudi upime mara moja kabla hayajapoa. Lenga kati ya 34 na 38 ya moto, kutegemea tairi lenyewe, ukipunguza upepo kidogo kidogo mchana kutwa. Ikiwa chaki imefutika hadi ubavuni, tairi linalala na linahitaji zaidi. Ikiwa bega halijaguswa kabisa, umezidisha. Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na hali ya hewa. Ukiendesha gari kurudi nyumbani, rudisha upepo kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango.

Kuhusu vifaa, niseme wazi. Bawa halina kazi Druids: nguvu ya upepo hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa kilomita 65 kwa saa linatoa takriban sehemu moja tu ya sita ya kile linachotoa kwa 160, tena linakandamiza nyuma, wakati wewe unalalamikia mbele. Shokapu za kuteremsha gari ni jambo la kufikiriwa siku nyingine, kwa fedha zaidi na kwa ushauri wa fundi anayezifahamu. Za bei nafuu mara nyingi ni mbaya kuliko za kiwandani zilizo nzima. Isitoshe, ukishusha mno gari lenye mfumo wa mbele kama wako, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu huinamia upande usiofaa, na bodi inapolala kwenye kona tairi hupoteza mwegamo wake badala ya kuupata. Gari litaonekana tayari kwa mbio na litakata kona vibaya zaidi.

Stebilaiza nene ya nyuma ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Ni kifaa cha kweli, si ghali, na wenye Impreza wengi wanakisifu kwa haki. Kinapokaza ekseli ya nyuma, mzigo wa kona hubebwa zaidi na tairi moja la nje huku nyuma, na kwa kuwa tairi likiongezewa mzigo mara mbili haliongezi mshiko mara mbili, ekseli ya nyuma kwa jumla hushika kidogo kuliko awali. Pua inaonekana kupona kwa sababu mkia umedhoofishwa. Kwa dereva ambaye mguu wake umetulia ni mapatano mazuri. Kwa mtu aliyezunguka mara mbili Clearways kwa kuachia mafuta, ni kuuongezea mkia sababu ya tatu. Kiweke baada ya siku mbili kamili uwanjani bila mguu kuruka, na si kabla.

Kama unataka kuisaidia pua bila kuunyang’anya mkia, nenda kwa fundi wa alaimenti. Mwambie aongeze kemba ya mbele, yaani mwegamo wa tairi likitazamwa kutoka mbele, ili juu ya tairi iinamie ndani ya gari. Boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu ya mbele kwenye gari lako imetengenezwa kwa marekebisho hayo. Nyuzi 1.5 hadi 2 hasi zinavumilika kwa gari linalotumika pia barabarani, ingawa bega la ndani la tairi litalika haraka kidogo kwenye safari ndefu. Kona ikililaza gari, tairi hilo litasimama wima juu ya lami badala ya kukanyagia ukingo wake wa nje. Hakuna marekebisho mengine ya bei hiyo ninayoyajua yanayobadili tabia ya Impreza kiasi hicho.

Fedha zako, basi, ningezipanga hivi: mafuta ya breki na pedi kwanza, kisha alaimenti, kisha mkufunzi, na kinachobaki kiwe cha seti nzuri ya matairi pale haya yatakapokwisha. Mkufunzi hukodishwa palepale uwanjani kwa kipindi kifupi, na nusu saa ya mtu mzoefu akiwa kiti cha pembeni ina thamani kuliko barua yangu yote hii, kwa sababu yeye atauona mguu wako, nami naukisia tu. Mwombe afanye kazi ya kona mbili tu, Druids na Clearways, na mwombe kwanza akuendeshe yeye kama abiria ikiwa kanuni za siku hiyo zinaruhusu. Kabla hajaingia, rekebisha kiti: mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, na mguu wa kushoto ukanyage mahali pake pa kupumzikia ili mwili usijishike kwenye usukani. Dereva anayening’inia kwenye usukani hawezi kusikia matairi yanasema nini.

Katika siku yako ijayo, kipindi cha kwanza endesha chini ya uwezo wako kwa makusudi, na usijipime kwa saa. Waandaaji wengi wa Uingereza wanakataza kupima muda, na makatazo hayo yamefungamana na bima. Siku hizi si mashindano. Unapita wenzako upande utakaotangazwa katika maelezo ya asubuhi, kwa ridhaa ya unayempita, na bendera nyekundu ikionekana unapunguza mwendo na kurudi kwenye eneo la mafundi (pit) bila kumpita mtu. Chunguza pia bima yako ya barabarani, kwani nyingi hazihesabu uwanja, na uamue mapema kama unaweza kubeba hasara ya gari zima. Kama jibu ni hapana, tafuta bima ya siku hiyo.

Kuna mambo ambayo hayasubiri barua. Mpelekee fundi gari kabla ya kuingia tena uwanjani ikiwa linavuta upande mmoja wakati wa breki, ikiwa usukani unatikisika, ikiwa kuna mvumo unaobadilika unapokata kona, ambao mara nyingi ni beringi, au ikiwa pedali ya breki haikurudi kuwa ngumu baada ya kupoa. Baada ya kuzunguka mara mbili, ningependa bushi, boljointi na rimu za upande uliogusa nyasi zikaguliwe gari likiwa limeinuliwa. Angalia mafuta ya injini baada ya kila kipindi na uyaweke kwenye alama ya juu, kwa kuwa injini ya lita 2.5 kwenye kona ndefu haipendi kukosa mafuta hata kwa sekunde moja, na moshi wa bluu au kelele mpya ni sababu ya kusimama hapohapo. Na wewe mwenyewe, kama shingo au kichwa kimekuuma tangu gari lilipozunguka pale Clearways, nenda kwa daktari kabla ya kwenda kwa fundi.

Ukirudi kutoka uwanjani, niandikie upepo wa moto wa matairi yote manne, chaki ilifutika hadi wapi, na pale Druids uliachia breki kabla ya kukata usukani au wakati unaukata. Na kabla ya kuondoka pale, kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema, magurudumu yakiwa yamepoa.